Kutafuta na Kugawana Muziki Kompyuta kwa Kompyuta: Mwongozo wa Kuanza Vizuri

Ukipakua wimbo kwenye tovuti ya kawaida, unachota kwenye kisima kimoja, yaani seva ya mwenye tovuti. Seva ikizimwa, kisima kimekauka. Kwenye programu za kompyuta kwa kompyuta hakuna kisima cha namna hiyo. Wimbo unaoutaka uko kwenye diski ya mtu usiyemjua, ambaye amewasha kompyuta yake na kukubali uuchukue. Na wakati unauchukua, mara nyingi wewe nawe unampa mtu mwingine. Hilo la pili ndilo watu hulisahau, na karibu kila tatizo nililokutana nalo au kuulizwa limeanzia hapo. Mmoja haelewi kwa nini amezuiwa, mwingine haelewi kwa nini intaneti ya nyumba nzima imekwama, mwingine amepata barua ya wakili. Kwa hiyo usishangae mwongozo huu ukiongea zaidi juu ya kutoa kuliko juu ya kupokea.

Mfumo wenyewe una umri. Napster ilitoka mwaka 1999. Nyimbo zilipita kati ya watumiaji wenyewe, lakini orodha ya nani ana wimbo gani ilikaa kwenye seva za kampuni, na orodha hiyo ndiyo iliyoifanya iwe rahisi kubanwa mahakamani. Mwaka 2001 huduma ikafungwa. Gnutella, ya mwaka 2000, ikaitupa kabisa orodha ya kati. Mwaka 2001 Bram Cohen akaleta BitTorrent kwa wazo jingine: faili ikatwe vipande vidogo, na kila anayepakua aanze kugawa vipande alivyokwisha kupata hata kabla hajamaliza. LimeWire, iliyopendwa na waliokuwa wakitafuta nyimbo moja moja, ilizimwa kwa amri ya mahakama ya Marekani mwaka 2010. Kwa anayetaka muziki leo, njia zinazostahili muda wako ni mbili, BitTorrent na Soulseek.

Hatua ya kwanza: jua wimbo ni wa nani

Najua unataka kuruka hapa. Usiruke, kwa sababu programu hizi hazikufanyi msikilizaji tu. BitTorrent inapopakua, inapakia pia, na machoni pa sheria anayepakia anasambaza. Marekani kuna mwanamke aliyeshtakiwa kwa nyimbo 24 tu alizokuwa amezigawa kwa Kazaa, programu nyingine ya namna hii. Kesi yake ilianza kusikilizwa mbele ya baraza la waamuzi mwaka 2007, ikarudiwa, ikakatiwa rufaa, na mwishowe akabaki na deni la dola 222,000. Nyimbo 24 ni albamu mbili.

Wimbo una haki za aina mbili, na wengi hujua moja. Kuna haki ya utunzi, yaani maneno na tuni, na kuna haki ya rekodi, yaani sauti iliyonaswa siku fulani na watu fulani. Beethoven alifariki mwaka 1827, kwa hiyo simfoni zake hazina mwenyewe tena. Lakini okestra iliyoipiga simfoni hiyohiyo mwaka jana ina haki juu ya rekodi yake. "Muziki wa zamani" si jibu. Uliza ni utunzi wa zamani au ni rekodi ya zamani. Kwenye Umoja wa Ulaya rekodi iliyotolewa hulindwa miaka 70. Marekani, rekodi zote zilizotolewa hadi mwisho wa 1922 ziliachiwa huru kwa mpigo tarehe 1 Januari 2022, na zile za 1923 zikafuata Januari 2024.

Basi muziki gani unaweza kuugawa ukalala usingizi? Upo mwingi kuliko watu wanavyodhani.

Kwanza, muziki wenye leseni za Creative Commons, yaani ruhusa ya maandishi ambayo mwenye kazi humpa kila mtu mapema, kwa masharti. Leseni zake za kwanza zilitoka Desemba 2002, na ziko sita, zikiandikwa kwa herufi ambazo ukizizoea unazisoma kama namba za basi. BY ni kumtaja mwenye kazi. NC ni kutofanya biashara. ND ni kutoibadilisha kazi. SA ni kwamba ukitengeneza kitu kutokana nayo, nacho kitoke kwa leseni ileile. Jambo ambalo halisemwi vya kutosha ni kwamba zote sita, hata ile kali ya BY-NC-ND, zinaruhusu kumpa mwenzako nakala kamili bila malipo mradi unamtaja mwenyewe. Na kwa leseni za toleo la 4.0, kuigeuza FLAC (faili ya sauti iliyobanwa bila kupoteza kitu) kuwa MP3 hakuhesabiwi kuwa umeibadilisha kazi. Jamendo na Free Music Archive wana muziki mwingi wa namna hii, lakini leseni huangaliwa albamu kwa albamu, si kwa tovuti nzima.

Pili, rekodi za maonyesho ya jukwaani za bendi zinazoruhusu kurekodiwa. Grateful Dead ndio waliojulikana zaidi kwa hili: mashabiki walikuja na mashine zao, wakarekodi, wakabadilishana kanda bila kuuziana. Utamaduni huo ulipohamia kwenye intaneti ulizaa jumuiya ya etree, na tangu 2002 Internet Archive ina hifadhi ya muziki wa jukwaani inayopokea bendi zilizotoa ruhusa tu. Karibu kila onyesho lina torenti yake pembeni ya ukurasa, yaani faili ndogo inayoielekeza programu ya BitTorrent kwenye vipande vya onyesho hilo. Hapo ndipo ningekutuma ukaanzie, na si kwa sababu ya sheria peke yake: torenti zao zina seva nyuma yake, kwa hiyo hata asipokuwepo mtu mwingine yeyote, faili itashuka.

Tatu, rekodi ambazo muda wake umekwisha, pamoja na miradi kama Musopen inayolipa wanamuziki wapige tungo za kale na kuziachia rekodi zenyewe. Nne, wanamuziki wanaoweka kazi zao wenyewe. Mwaka 2008 Nine Inch Nails waliiachia albamu yao kwa leseni ya BY-NC-SA na kupandisha sehemu yake kwenye torenti kwa mkono wao. Na tano, muziki wako wewe mwenyewe, ambao nitaurudia mbele.

Kama huwezi kuuweka wimbo kwenye mojawapo ya makundi hayo, chukulia kwamba haujaruhusiwa.

Hatua ya pili: chagua programu

Kwa torenti, tumia qBittorrent au Transmission. Zote mbili ni bure, chanzo chake kiko wazi, na hazina matangazo. Zipakue kwenye tovuti zao zenyewe. Ukitafuta majina yake kwenye injini ya utafutaji, yanayotangulia huweza kuwa matangazo ya watu waliofungasha programu hiyohiyo na takataka ndani. Programu ya bure inayokuomba kadi ya benki uifunge hapo hapo.

Kwa Soulseek kuna programu yake rasmi, SoulseekQt, na kuna Nicotine+ ambayo ni ya chanzo huria na inaingia kwenye mtandao uleule. Mimi natumia Nicotine+ kwa sababu ya mpangilio wake. Huhitaji kujaza fomu: unaandika jina la kujitungia na nywila, na kama jina halijachukuliwa, umeingia. Nywila hiyo isiwe ile ya barua pepe yako.

Tofauti yao ni hii. Torenti ni ya vifurushi: albamu nzima, onyesho zima, mkusanyiko wa mtu aliyekaa akaupanga. Watu wengi hukupa vipande kwa wakati mmoja, kwa hiyo kitu kinachopendwa hushuka kasi. Soulseek ni ya maktaba za watu. Unatafuta wimbo mmoja, unaupata kwa mtu mmoja, unasimama kwenye foleni yake, naye anakupa moja kwa moja. Ni polepole, lakini ndiko utakakokuta rekodi ambayo watu kumi tu duniani wameihifadhi. Ina seva ya kati inayowakutanisha watumiaji; faili hazipiti humo.

Hatua ya tatu: panga kabla ya kuwasha

Tengeneza folda tatu, na uzitengeneze nje ya folda ya nyaraka zako. Ya kwanza ni ya vinavyoendelea kushuka. Ya pili ni ya vilivyokamilika ambavyo hujavikagua. Ya tatu ndiyo ya kugawa, na humo kiingie kile tu ulichokikagua na ambacho una ruhusa ya kukitoa.

Nasisitiza kwa sababu yalinikuta. Miaka mingi iliyopita, programu niliyoisakinisha iliniuliza folda ya kugawa, nami kwa haraka nikaichagua folda mama yenye kila kitu. Siku mbili baadaye mtu nisiyemjua akanitumia ujumbe: "Ndugu, barua yako ya kuomba kazi ina kosa kwenye mstari wa tatu." Alikuwa ameisoma. Nikamshukuru, nikarekebisha mstari wa tatu, nikafunga folda. Mwingine asingeandika ujumbe. Angechukua alichokiona na kunyamaza. Ukimaliza kupanga, ingia kwenye Soulseek na ufungue orodha yako mwenyewe kama mgeni anavyoiona. Ipitie yote.

Kisha weka mipaka ya kupakia. Laini nyingi za intaneti zina mwendo mdogo wa kupakia kuliko wa kupakua, na ukiuacha ujae, hata kufungua ukurasa mmoja kutakushinda, kwani kompyuta yako haipati nafasi ya kutuma maombi. Pima mwendo wako, kisha ipe programu kama asilimia 70 hadi 80 ya ule wa kupakia. Angalia vipimo usije ukachanganya. Kampuni za intaneti huhesabu kwa megabiti, programu huhesabu kwa kilobaiti, na biti nane ndiyo baiti moja. Laini inayopakia megabiti 8 kwa sekunde ni kilobaiti 1,000. Iandikie programu 750. Wenye intaneti ya kifurushi wakumbuke kwamba kupakia nako kunakula kifurushi. Simu ukiitumia kwa kazi hii, iweke ifanye kazi kwenye Wi-Fi tu, tena ikiwa kwenye chaji.

Kuna suala la poti, ambalo huwatisha wengi bila sababu. Poti ni mlango ambao kompyuta nyingine zinabisha. Rauta yako kwa kawaida huufunga. Ukiwa umefunga, bado unaweza kwenda kubisha kwa wengine, kwa hiyo vitu vitashuka. Lakini watu wawili waliofunga milango hawawezi kutembeleana, nawe utakosa wenzako wote waliofunga. Fungua mipangilio ya programu, soma namba ya poti (Nicotine+ huanzia 2234), washa UPnP (njia ya programu kuiomba rauta ifungue poti yenyewe) kwenye programu na kwenye rauta, kisha bonyeza kitufe cha kupima poti kama kipo. Ikigoma, ingia kwenye rauta uielekeze poti hiyo kwa mkono kwenye kompyuta yako. Na kama mtoa huduma wako amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, jambo la kawaida kwenye intaneti ya simu, hakuna utakalofanya kwenye rauta, endelea hivyohivyo.

Jambo la mwisho la kujua kabla ya kuwasha: anwani yako ya IP inaonekana na kila unayeunganishwa naye. Hakuna uficho hapa.

Hatua ya nne: tafuta kwa akili

Kwenye torenti kwa kawaida hutafuti ndani ya programu; unatafuta kwenye tovuti, kisha unaipa programu faili ndogo ya torenti au kiungo cha sumaku. Kiungo hicho huanza na neno "magnet" na ndani yake huwa na mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu, mara nyingi 40. Huo ni alama ya vidole ya kifurushi. Kifurushi kikibadilika hata herufi moja, alama nayo inabadilika, na ndiyo sababu viungo viwili vyenye jina moja vinaweza kuwa vitu viwili tofauti kabisa. Usiamini jina, linganisha alama.

Kabla ya kubofya angalia idadi ya walio na kifurushi kizima. Nitawaita wapanzi, na ambao bado wanapakua ni wavunaji. Wapanzi watatu wa kudumu ni bora kuliko wavunaji mia wasio na mpanzi, maana hao mia wanaweza kuwa wote wamekwama kwenye asilimia 97 wakingojea kipande kilekile.

Kwenye Soulseek utafutaji uko ndani ya programu, na una ujanja wake. Andika maneno machache. Majina ya faili huandikwa na watu, kila mmoja kwa tahajia yake, na kila neno unaloongeza linakuondolea walioliandika vingine. Anza na jina la msanii na neno moja la kipekee la wimbo. Ukitaka kuondoa kitu, weka alama ya kutoa mbele yake: ukiandika -remix, marudio yote ya madijei yatatoka kwenye orodha. Chuja kwa aina ya faili, kisha angalia nani ana nafasi wazi na nani ana foleni ya watu mia tatu.

Halafu kuna hili, ambalo kwangu ndilo tamu kuliko yote. Ukimpata mtu mwenye wimbo adimu unaoutaka, usiishie kuuchukua. Fungua maktaba yake yote uitembee. Aliyehifadhi rekodi hiyo ana sababu, na jirani yake kwenye folda huenda ni kitu ambacho hukuwahi kujua kipo, kwa hiyo usingeweza kukitafuta. Nimegundua muziki mwingi kwa kuchungulia rafu za watu kuliko kwa kisanduku cha utafutaji.

Hatua ya tano: soma faili kabla hujaichukua

Hesabu kidogo itakuepusha na mengi. MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde hula karibu megabaiti moja kwa dakika. Ya 320 hula 2.4. Sauti ya CD isiyobanwa hula 10.6, na FLAC, inayobana bila kupoteza kitu, mara nyingi huishia kati ya nusu na theluthi mbili ya hapo. Kwa hiyo wimbo wa dakika nne ni kama megabaiti 4, au karibu 10, au kati ya 20 na 30. Ukiona "MP3 320" ya dakika nne yenye megabaiti 4, mwenye nayo amekosea au anakudanganya.

Angalia mkia wa jina pia. Wimbo huishia na .mp3, .flac, .ogg, .opus, .m4a au .wav. Ukiishia na .exe, .scr, .bat au .msi, hiyo ni programu iliyovaa kanzu ya wimbo. Windows huwa na tabia ya kuficha mikia, na "wimbo.mp3.exe" ukaonekana "wimbo.mp3", kwa hiyo nenda kwenye mipangilio ya folda uiamuru ionyeshe mikia yote. Kifurushi cha zip chenye nywila, pamoja na maelezo kwamba nywila inapatikana kwenye tovuti fulani, kifute bila kujadiliana nacho. Vilevile wimbo unaotaka usakinishe kichezeshi maalumu ili usikike.

Hatua ya sita: ikikwama

Torenti ikisimama, angalia kama kuna mpanzi yeyote. Kama hakuna, hakuna mipangilio itakayokuokoa. Iache iwe inangoja, kwani wapo watu wanaowasha kompyuta zao mwisho wa wiki tu. Mimi nimewahi kungoja asilimia mbili za mwisho kwa wiki tano, zikaja usiku mmoja. Kama wapanzi wapo na hakishuki kitu, pima poti, kisha angalia kama diski imejaa. Ikifika mwisho na faili isicheze, iagize programu iikague upya: itapitia kila kipande, ilinganishe na alama yake, na kupakua upya vilivyoharibika pekee.

Kwenye Soulseek kukwama ni foleni. Usimsumbue mtu kwa ujumbe kila dakika, na usiombe maktaba nzima kwa mpigo. Ukizuiwa, sababu ya kwanza ya kuangalia ni kama wewe mwenyewe unagawa chochote. Watu wengi huzuia wanaokuja na rafu tupu, na siwalaumu. Mkono mtupu haulambwi. Folda mbili tatu za muziki ulioruhusiwa, zilizopangwa vizuri, zitakufungulia milango.

Hatua ya saba: kagua na upange

Kilichoshuka kipitishe kwenye antivirusi, kisha kisikilize mwanzo, katikati na mwisho. FLAC ina faida hapa: ndani yake imebeba alama ya sauti yake yenyewe, na programu ya flac ukiiamuru kwa "flac -t" itakuambia kama sauti iko sawa na siku ilipobanwa. Rekodi za jukwaani nyingi huja na faili ndogo ya maandishi yenye alama za MD5, yaani alama za vidole za kila faili, itumie.

Halafu kuna FLAC bandia. Mtu amechukua MP3 ya 128, ameigeuza FLAC, na ukubwa sasa unapendeza, lakini kilichopotea hakirudi. Kumkamata, fungua faili kwenye Spek, programu ndogo inayochora sauti kwa rangi. Sauti ya CD hupanda hadi karibu kilohezi 22. MP3 ya 128 mara nyingi hukatwa kama kwa kisu karibu na kilohezi 16, na ya 320 karibu na 20. Ukiona FLAC iliyokatwa tambarare kwenye 16, shuku. Lakini usiwe na haraka ya kumtukana mtu: rekodi za santuri za kale na kanda nyingi za kaseti hazikuwahi kuwa na sauti za juu hivyo, na kwazo rangi hufifia polepole bila kukatwa mstari.

Majina sasa. MusicBrainz Picard huisikiliza faili, huilinganisha na hazina yake, na kujaza jina la msanii, albamu, mwaka na namba ya wimbo. Ni nzuri, lakini si ya kuachiwa peke yake, hasa kwa muziki ambao haujaandikwa sana. Ikipendekeza kitu, soma kabla ya kukubali. Wimbo ukishapewa jina la mtu mwingine na kugawiwa, kosa hilo huzunguka miaka, na huwezi kulifuata kulirudisha.

Na tahadhari iliyonigharimu: usibadilishe majina wala maelezo ndani ya folda ambayo torenti bado inaigawa. Nilifanya hivyo kwa onyesho moja refu, nikiwa nimejaa fahari ya usafi wangu. Nilipolikagua upya, sehemu kubwa ya vipande ilikuwa imekataliwa, kwa sababu maelezo ni sehemu ya faili na alama za vipande hivyo zilikuwa zimebadilika. Kwa wenzangu nilikuwa nimetoweka. Nakili kwanza kwenye folda nyingine, usafishe nakala.

Hatua ya nane: gawa cha kwako

Tuseme una bendi, au kwaya, au umepewa ruhusa ya maandishi na mwanamuziki. Panga folda moja yenye jina kamili: msanii, albamu, mwaka, aina ya faili. Weka namba mbele ya kila wimbo, 01, 02, ili zisivurugike. Tia picha ya jalada, na tia faili ya maandishi yenye majina ya waliopiga, tarehe ya kurekodi, na leseni uliyoichagua kwa jina lake kamili. Bila hiyo leseni, mtu mwangalifu hatagusa kazi yako hata kama ulitamani aisambaze. Fanya usafi wote sasa, maana torenti ikishatengenezwa hakuna kurekebisha herufi.

Kisha fungua sehemu ya kutengeneza torenti kwenye qBittorrent, chagua folda, acha ukubwa wa vipande uchaguliwe na programu, weka anwani za traka kama unazo, yaani seva zinazowatambulisha wenye kifurushi kimoja. Usiweke alama ya "binafsi": ukiiweka, torenti haitatafuta watu kwa njia nyingine zaidi ya traka hizo, na unataka ionekane. Hifadhi, na programu ianze kugawa mara moja. Kiungo cha sumaku ndicho utakachowapa watu.

Siku za mwanzo wewe ndiye mpanzi pekee. Ukizima kompyuta, kazi imetoweka. Washa kitendo kiitwacho "super seeding", kinachotoa vipande adimu kwanza, kisha kizime wakipatikana wapanzi wawili watatu wenye nakala kamili. Kama huwezi kuacha kompyuta ikiwaka, pandisha kazi Internet Archive, itakutengenezea torenti yenye seva nyuma yake bila malipo.

Kuhusu ulivyopokea kwa wengine, programu inakuonyesha uwiano wa ulichotoa na ulichochukua. Uwiano wa 1.0 maana yake umerudisha ulichokula. Chini ya hapo wewe bado ni mdeni. Ukitoka kila mara kwenye 0.1, wewe ni kupe. Lakini namba hiyo haisemi yote. Onyesho linalopendwa na maelfu likifika 1.0 kwa dakika ishirini, ondoka tu, hakuna atakayekukumbuka. Kile kifurushi chenye mpanzi mmoja, ambacho wewe umekuwa wa pili, kiache kikiwaka hata kama uwiano unasoma 4.0 na hakuna anayekichukua wiki nzima. Mimi nina rekodi moja ya jukwaani ninayoigawa kwa miaka, na mwaka uliopita ilichukuliwa mara mbili. Wa pili aliniandikia kwamba aliyekuwa akipiga tarumbeta ni baba yake.